Afya ya Ulimwengu: Somo Lianzie Kwenye Maneno ya Wagonjwa

Mwanafunzi mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliinua mkono kabla sijamaliza kufuta ubao. "Daktari," akauliza, "wewe ni daktari wa sindano au daktari wa ngeli?" Darasa zima liliangua kicheko nami nikacheka nao, kwa maana swali lile lilikuwa la haki. Mbele yangu walikuwapo vijana zaidi ya mia moja wa mwaka wa kwanza, baadhi yao wa uuguzi, wengine wa uchumi, wa kilimo na wa ualimu, waliojiandikisha kusoma utangulizi wa afya ya ulimwengu. Na mimi ni mtu wa isimu. Sijapata kumdunga mtu sindano maishani mwangu. Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu vitenzi. Nilimjibu kwamba mimi ni daktari wa ngeli, na kwamba anivumilie majuma matatu tu kisha aamue mwenyewe kama nilistahili kuingia katika chumba kile.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Wenzangu wa kitivo cha sayansi za afya walikuwa wakiandaa kozi hiyo, na mmoja wao, ambaye tumezoeana tangu tulipokuwa wanafunzi, akaniomba nichukue mihadhara sita "kuhusu lugha na mawasiliano". Nadhani alitarajia kuwa ningewafundisha vijana namna ya kuandika mabango ya kuwahimiza watu wanawe mikono. Nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe, ambazo nitazieleza huko mbele. Nayaandika haya kwa kuwa kozi za namna hii zinazidi kuchipuka katika vyuo vyetu, na mwalimu anayetwikwa mzigo wa kuzifundisha aghalabu hana la kufanya ila kuufuata mpangilio wa vitabu alivyoletewa.

Vitabu hivyo havisemi uongo. Huanza mwishoni mwa karne ya 19, zilipofunguliwa shule za tiba ya nchi za joto huko Liverpool na London, ambazo shabaha yake ilikuwa kuwalinda askari, wafanyabiashara na watawala wa dola la Uingereza. Kisha huja Shirika la Afya Duniani, lililoundwa rasmi tarehe 7 Aprili 1948. Kisha mkutano wa Alma-Ata wa mwezi wa Septemba 1978, ulioahidi afya kwa wote kufikia mwaka 2000. Kisha mifuko mikubwa ya fedha, UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Yote hayo ni kweli tupu. Hata hivyo, mwanafunzi wetu akiisoma historia hiyo ukurasa baada ya ukurasa, hujikuta yeye na watu wake wamo katika picha zake zote, lakini wamelala kitandani. Anayesimama kando ya kitanda ni mtu mwingine daima.

Sikuyabuni haya. Ni msichana mmoja wa uuguzi aliyeyasema, tena waziwazi, katika juma la kwanza. "Mwalimu, somo hili linawafundisha wageni namna ya kuja kwetu. Sisi tunalisoma ili twende wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba aniachie swali lake kwa muda.

Mhadhara wa pili niliandika ubaoni neno moja tu, chikungunya, nikauliza ni la lugha gani. Wengi walisema Kichina. Wawili watatu walikisia Kiswahili, na hao hawana lawama, kwa sababu hata vitabu kadhaa vya tiba vimeandika hivyo. Ni kosa. Neno hilo ni la Kimakonde, na linatokana na kitenzi chenye maana ya kujikunja au kupindika. Kwani mtu aliyeshikwa na homa hiyo viungo humwuma hata akatembea ameinama kama aliyebeba gunia. Mwaka 1952 homa hiyo iliwaangukia watu wa nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Waliochapisha habari zake mwaka 1955 walikuwa Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, na jina walilolitumia ni lile walilolisikia kwa wagonjwa. Hawakwenda kuazima Kigiriki wala Kilatini. Mgonjwa alikuwa amekwisha kupata kitenzi kinachofaa, wao wakakichukua.

Kitenzi hicho kimesafiri kuliko wasomi wengi niwajuao. Mwaka 2004 kilitua Lamu. Ukame ulikuwa umewabana watu wa mji ule, wakawa wanahifadhi maji majumbani katika mapipa na mitungi isiyofunikwa vizuri, na mbu aina ya Aedes hupenda sana kutaga mayai katika maji ya namna hiyo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo maradhi yakafika Mombasa. Mwaka 2005 yakaingia Komoro. Kati ya 2005 na 2006 yakakipiga kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua. Huko Réunion kirusi chenyewe kilibadilika kidogo, na badiliko hilo likakiwezesha kubebwa kwa urahisi zaidi na mbu wa aina nyingine anayestahimili nchi zenye baridi. Mwaka 2006 Bara Hindi lilikuwa na wagonjwa waliokisiwa kupita milioni moja. Mwaka 2007 msafiri mmoja aliyetoka India aliingia katika vijiji vya karibu na Ravenna, Italia, na takriban watu 200 ambao hawajapata kukanyaga Afrika wala Asia wakaanza kutembea wameinama. Mwishoni mwa 2013 maradhi yalivuka hadi visiwa vya Karibea, na kutoka hapo yakaenea Amerika ya Kusini.

Nilipofika hapo nilimtazama yule msichana wa uuguzi. Nikamwambia kwamba mwaka 2007 daktari wa kijiji kile cha Italia alikuwa na shida moja kubwa: alikuwa na wagonjwa ambao kitabu chake hakikuwaeleza. Muuguzi wa Lamu angaliwatambua kwa kuwatazama tu wakivuka barabara. Basi mtu akisoma afya ya ulimwengu katika chuo cha Kenya, mojawapo ya mahali anapoweza kwenda ni Ravenna. Alitabasamu, lakini niliona hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani mwezi wa Novemba 2023, yaani miaka 71 baada ya watu wa Newala kuulipa ugonjwa huo jina. Kwa nini ikachukua miaka 71? Yeye ndiye aliyeuliza, si mimi. Maadamu wagonjwa walikuwa Newala na Lamu, hakukuwa na haraka. Haraka ilianza ugonjwa ulipojifunza kupanda ndege.

Majina mengine niliyapitia kwa kasi, ingawa kila moja lingeweza kujaza kipindi kizima. O'nyong'nyong ni neno la Kiacholi. Homa hiyo ilizuka Uganda mwaka 1959, ikaenea Kenya na Tanganyika na kuwapata watu wapatao milioni mbili. Kwashiorkor ni la Kiga cha Ghana, nalo lilitiwa katika maandishi ya tiba na Daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930. Akina mama walimwambia kwamba ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Kumbe chanzo cha maradhi kilikuwa kimefungiwa ndani ya jina, kwa yeyote aliyejali kuuliza. Kwa upande mwingine kuna majina yanayowaachia watu doa. Ile homa iliyotambuliwa katika mifugo karibu na Naivasha na kuandikwa mwaka 1931 imeliburura jina la Bonde la Ufa duniani hadi leo. Mwaka 1976 wachunguzi waliokuwa Zaire waliamua kukiita kirusi kipya kwa jina la mto Ebola ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu hiyo milele. Mwaka 2015 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo kwamba maradhi mapya yasipewe majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama.

Sasa nieleze zile sababu zangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, ndani kidogo, mbali na barabara kuu. Mwaka 1988 nilikuwa na umri wa miaka minane, na mdogo wangu alikuwa hajatimiza mitatu. Jioni moja alishikwa na homa. Usiku wa manane mwili wake ukakakamaa, macho yakageuka yakaonyesha weupe, mikono ikaanza kutetemeka. Nyanya alitamka neno moja: degedege. Hakuna aliyehitaji maelezo. Kwetu sisi degedege lilikuwa ni dege la usiku lipitalo juu ya paa, na mtoto aliyeangukiwa na kivuli chake hupatwa na mambo yale tuliyokuwa tukiyaona kwa macho yetu kwenye mwanga wa kibatari. Kila mtu alijua pia kwamba mtoto mwenye degedege hapigwi sindano. Sindano itamwua. Nyanya alikuwa na ushahidi. Aliwataja watoto watatu wa jirani, mmoja mmoja kwa majina yao. Kwa hiyo usiku ule palifukizwa moshi, na mganga akaitwa.

Kulipopambazuka baba alimbeba mdogo wangu mgongoni hadi kwenye zahanati, nami nikamfuata nikiwa nimeshika chupa ya maji. Mtumishi aliyekuwa mlangoni alimwuliza mtoto ana nini. Baba akasema, ana degedege. Yule bwana alicheka, kisha akakasirika. "Hakuna ugonjwa unaoitwa degedege. Nyinyi watu mtasoma lini? Kaa foleni." Tukakaa foleni. Mdogo wangu alifariki kabla ya adhuhuri.

Sisemi kwamba kicheko kile ndicho kilichomwua. Nimeishi miaka mingi na jambo hili na nimejikataza kulisema. Tulichelewa usiku kucha, na huenda hata angaliingizwa ndani mara moja mambo yangalikuwa yaleyale. Ninachokijua kwa yakini ni kwamba baba hakurudi tena mahali pale. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walipougua, aliwapeleka kwingine, mwendo wa nusu siku, au hakuwapeleka kabisa. Alichokumbuka maisha yake yote si dawa iliyokosekana. Ni kuambiwa mbele za watu, na mwanawe akiwa mgongoni, kwamba neno lake halipo.

Kumbe neno lilikuwapo, na lilikuwa na kazi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, Tanzania, walikaa na wazazi wakawauliza wanaposema degedege huwa wanaona nini hasa. Waliyoelezwa ni homa ya ghafla, kukakamaa na kutetemeka kwa mtoto mchanga, yaani dalili ambazo mara nyingi ni za malaria iliyopanda kichwani. Wazazi waliijua malaria vizuri, nao waliipeleka hospitalini. Lakini kwa wengi wao degedege lilikuwa jambo jingine kabisa, la mganga kwanza. Tazama basi hatari ilipojificha. Bango linalosema "Mtoto akiwa na malaria mpeleke hospitali" lingesomwa na nyanya yangu (kama angejua kusoma) na angekubaliana nalo moja kwa moja, kisha angeendelea kufukiza moshi, kwa kuwa mtoto wake hakuwa na malaria. Alikuwa na degedege. Na yale aliyoyajua kuhusu sindano hayakuwa upuuzi. Watoto wale watatu walifikishwa kwa daktari wakiwa katika pumzi za mwisho, wakadungwa, wakafa. Kwa aliyekuwa amesimama pale, sindano na kifo vilifuatana. Mtu wa takwimu atasema kwamba kufuatana si kusababishana, na ni kweli, lakini nyanya alikuwa amehesabu watoto wake kwa uangalifu kuliko mtumishi aliyekuwa akicheka.

Lugha yetu ina udhaifu wake pia katika jambo hili, na sikuwaficha wanafunzi. Neno homa limebebeshwa mizigo mingi mno. Tunayo homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu, homa ya dengi; na mtu akisema "nina homa" jirani husikia "nina malaria" na kumpa vidonge vilivyobaki mwaka jana. Tabia hii haikuwa ya raia peke yao. Kwa miaka mingi hata zahanati zilimtibu malaria kila mtoto mwenye joto, hadi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Mtoto mwenye nimonia aliyepewa dawa ya malaria kwa sababu tu joto lake liliitwa homa, naye yumo katika hesabu ya waliouawa na maneno.

Nilipomaliza kusimulia habari za mdogo wangu darasa lilikuwa kimya, nami sikutaka tuachane katika hali ile, kwani huzuni peke yake si elimu. Nikawapeleka China. Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiendelea na askari wakiangamizwa na malaria, serikali ya China iliunda mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa Mradi 523 kwa kuwa ulianzishwa tarehe 23 ya mwezi wa tano. Bi. Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, wakafuata maelezo kuhusu mmea wa pakanga, na kufikia mwaka 1972 walikuwa wamekwisha kuitenga dawa iitwayo artemisinini. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi tisa za Afrika kwa watoto 5,425, Kilifi kukiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba dawa ya sindano iliyotokana na artemisinini ilipunguza vifo vya malaria kali kwa zaidi ya asilimia 22 ikilinganishwa na kwinini. Hivyo sindano iliyokuja kuwaokoa watoto wenye degedege ilitokana na maneno ya kitabu cha kale na vita vya watu wengine, ikapimwa kijijini kwetu.

Hesabu nyingine waliifanya wanafunzi wenyewe. Dawa ilitengwa mwaka 1972. Mdogo wangu alikufa mwaka 1988. Kenya iliamua kuzifanya dawa za jamii ya artemisinini kuwa tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida mwaka 2004, na zikaanza kusambazwa mwaka 2006. Kijana mmoja wa uchumi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akisinzia, aliuliza dawa ilikuwa wapi muda wote huo. Hilo ndilo swali la afya ya ulimwengu, na ndilo ninalotaka mwanafunzi wetu aingie nalo mtihanini na atoke nalo. Niliwakumbusha pia habari za UKIMWI: jinsi dawa za kurefusha maisha zilivyogharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, hadi kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza mwaka 2001 kuwa ingeziuza kwa dola 350, nasi Kenya tulikuwa tumetangaza janga la taifa tangu Novemba 1999. Na malaria haijaondoka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 iliua watu 597,000, na 95 katika kila 100 walikuwa wa bara hili, wengi wao watoto ambao hawajafikia umri wa miaka mitano.

Mwenzangu mmoja wa kitivo cha afya, aliyehudhuria mhadhara huo, alinifuata mlangoni. Alikubali kwamba simulizi zilikuwa nzuri, lakini akanionya nisiwapotezee vijana wakati, kwani Kiswahili hakina maneno ya sayansi hii na mitihani haitungwi kwa Kiswahili. La pili ni kweli. La kwanza nilimwomba tulitazame pamoja. UKIMWI ni Ukosefu wa Kinga Mwilini: anayelisikia jina hilo amekwisha kuelezwa nusu ya somo, ilhali anayetamka kifupi cha Kiingereza huwa ametamka herufi nne tu. Barakoa lilikuwa ni vazi la uso la mabibi wa Unguja na Omani, likikaribia kusahauliwa. Korona ilipokuja mwaka 2020 lilitolewa kabatini na kupewa kazi mpya, na sasa watoto wa shule wanalitumia bila kujua lilikotoka.

Chanjo nalo ni neno lenye historia. Limetokana na kuchanja, kukata ngozi kwa wembe. Kabla ya kuwapo chupa za dawa na majokofu, watu wa sehemu mbalimbali za Afrika walikuwa wakichanja ngozi na kutia usaha wa ndui ili mtu augue kidogo asije akaugua sana. Katika mji wa Boston mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, mhubiri Cotton Mather, kwamba alikuwa amefanyiwa hivyo kwao. Na ndui ilipouvamia mji huo mwaka 1721 elimu hiyo ilitumiwa, watu wakapona, ingawa wenyeji wengi walimpinga Mather kwa hasira kubwa. Hawa waliokuwa wakiogopa chanjo, niliwaambia wanafunzi, hawakuwa watu wa vijijini kwetu.

Na ndui hiyohiyo ilimalizikia jirani zetu. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, chanjo ikiwa karibu naye, naye akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mwezi wa Mei 1980 ndui ikatangazwa kuwa imekwisha duniani. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya chanjo ya polio, akienda nyumba kwa nyumba na kuwasimulia akina mama woga wake mwenyewe na matokeo yake. Hakuwaambia kwamba woga wao haupo. Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo, aliugua malaria, akafariki. Mwenzangu alinisikiliza, kisha akasema mitihani itabaki ya Kiingereza, nami nikasema sawa.

Kazi ya nyumbani niliyowapa haikuwa insha. Kila mmoja alitakiwa achukue karatasi ya maelezo ya dawa yoyote inayotumiwa nyumbani kwao, aitafsiri kwa lugha ya mtumiaji, kisha ampelekee na kumwomba aeleze kwa maneno yake alivyoelewa. Nawashauri walimu wenzangu waijaribu kazi hii. Haina gharama, na huwafundisha vijana unyenyekevu kuliko mhadhara wowote. Kijana mmoja aligundua kwamba mjomba wake huacha vidonge vya shinikizo la damu kila "presha inaposhuka", kwa kuwa kwake presha ni kama mafua, huja ikaenda. Mwingine alikwama siku mbili kwenye maneno "madhara ya kando", kwa sababu shangazi yake alitaka kujua ni kando ya wapi.

Yule mwanafunzi wa safu ya nyuma, aliyetaka kujua kama mimi ni wa sindano au wa ngeli, alikwenda kwa nyanya yake huko Taveta. Pakiti ya dawa yake iliandikwa kwa kalamu, kidonge kimoja saa 8 na saa 8. Mtoa dawa alikusudia saa za Kiingereza, yaani saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ajuza alizisoma saa za Kiswahili. Kwa miezi mitano alikuwa akimeza kidonge kimoja saa nane mchana, na usiku, saa iliyotegwa na mjukuu wake mdogo ikilia, alikuwa akiamka saa nane za usiku wa manane, anapapasa kiberiti, anawasha taa na kumeza cha pili. Muda kati ya vidonge ulikuwa sahihi kabisa, saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo hakuna daktari aliyegundua lolote. Wote walimsifu kwa kufuata maagizo. Kijana alipoyasoma hayo mbele ya darasa hakuna aliyecheka, naye mwenyewe sauti ilimkwama kidogo.

Alimweleza nyanya yake kosa lilipotokea, akambadilishia saa, akamwambia kuanzia usiku ule alale hadi asubuhi. Juma lililofuata nilimwuliza kama bibi sasa analala. Akasema hapana, bado anaamka saa nane. Ameizoea, na siku hizi huutumia muda huo kusali.